Uma wa Mguu Mmoja na Wajibu wa Mwenye Chombo

Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wachache walikusanyika juu ya mlima katika wilaya ya Marin, jimbo la California, Marekani, wakashindana kuteremka kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Baiskeli hizo zilikuwa na breki za kukanyaga kinyumenyume, ambazo hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Katika mteremko ule mkali breki zilipata moto hata grisi iliyokuwamo ikayeyuka na kufuka moshi. Baada ya mbio kitovu hakikuwa na budi kufunguliwa, kusafishwa na kujazwa grisi upya. Ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack, neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo ya kujaza upya.

Jambo hili linastahili kukumbukwa. Baiskeli ya milimani ilizaliwa katika njia kama hiyo, na njia yenyewe haikupewa jina la mshindi wala la mlima, bali la kazi ya utunzaji. Tangu siku zile baiskeli hizo zimebadilika sana, na sehemu iliyobadilika kuliko nyingi ni uma wa mbele, yaani ile sehemu inayolishika gurudumu na kuliunganisha na usukani. Miongoni mwa uma zilizopata kubuniwa umo mmoja unaomshangaza kila auonaye kwa mara ya kwanza, kwa kuwa una mguu mmoja tu. Habari zake zina mafunzo mengi ya fizikia. Lakini lipo pia funzo jingine, ambalo aghalabu husahauliwa madukani na madarasani: kununua chombo ni kazi ya siku moja, kukimiliki ni kazi ya miaka, na hakimiliki chombo kwa ukamilifu yule asiyejua kinavyofanya kazi na jinsi kinavyotunzwa.

Kazi ya uma

Uma wa kawaida wa baiskeli ya barabarani ni miguu miwili ya chuma isiyonyumbuka sana. Gurudumu likigonga jiwe, pigo hupanda moja kwa moja hadi mikononi. Hasara yake si uchovu wa mikono peke yake. Gurudumu lililorushwa na jiwe huwa hewani kwa kitambo, na gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kugeuza njia. Kwa hiyo uma wenye springi si anasa tu. Kazi yake kubwa ni kulifanya tairi lishikamane na ardhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Paul Turner, aliyekuwa na ujuzi wa pikipiki za mashindano, alibuni uma wa baiskeli uliouzwa kwa jina la RockShox. Kanuni yake ilikuwa ile ile ya pikipiki. Kila mguu ni mrija unaoingia ndani ya mrija mwingine. Ndani yake mna springi, ambayo yaweza kuwa ya chuma au ya hewa iliyoshindiliwa, na mna oili inayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Springi hupokea nishati ya pigo na kuirudisha; oili huigeuza nishati hiyo kuwa joto. Bila oili baiskeli ingedundadunda kama mpira baada ya kila jiwe. Mafundi wa mitaani huuita mtambo wa namna hii shokapu, na jina hilo linatosha maadamu inaeleweka kwamba ndani yake mna kazi mbili, ya springi na ya oili.

Uma wa miguu miwili ndio ulioenea duniani. Hata hivyo una udhaifu wake. Mirija huteleza katika pete laini, na pale uma unapopindwa na breki au jiwe, mrija huelemea upande mmoja wa pete na msuguano huongezeka. Uma hukwama kidogo kabla ya kusogea, hasa katika kokoto ndogondogo. Wabunifu wengi walijaribu kuuondoa udhaifu huo. Katika miaka ya 1990 palitokea uma za nyenzo na viungo, ambazo gurudumu lake halikuteleza katika mirija bali lilibebwa na mikono midogo iliyounganishwa kwa pini. Viungo hivyo vilitembea kwa wepesi vilipokuwa vipya, lakini kila pini ilikuwa mahali pa kulika, na pini zilikuwa nyingi.

Mguu mmoja

Kampuni ya Cannondale ya Marekani ilifuata njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitoa mtambo ulioitwa Headshok, ambao springi yake ilikaa ndani ya shingo ya fremu, na mnamo mwaka 2000 ikaanza kuuza uma ulioitwa Lefty, kwa maana ya kwamba mguu wake pekee uko upande wa kushoto. Gurudumu huchomekwa kwenye ekseli fupi inayotokeza mguuni, na upande wa kulia hamna kitu.

Wengi huuona uma huo wakadhani utavunjika. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Gurudumu la motokaa hushikwa upande mmoja tu. Pikipiki ndogo ya Vespa, iliyotolewa nchini Italia mwaka 1946, nayo ina mkono mmoja tu mbele, na imebeba watu katika miji mingi ya dunia. Uimara wa kitu hautegemei idadi ya miguu, bali unene wa mrija, umbo lake na jinsi ulivyofungwa. Katika uma wa Lefty wa awali mguu ulibanwa mahali pawili, juu na chini ya shingo ya fremu, kama ilivyo desturi ya pikipiki.

Tatizo la kweli lilikuwa jingine. Kwa kuwa gurudumu liko kando ya mguu, uzito wa mpanda baiskeli hauupiti mguu katikati, bali huupinda daima. Mfano mdogo wa darasani waweza kulionyesha jambo hili. Tuchukulie kwamba kani iliyo kwenye gurudumu la mbele ni nyutoni 600, na kwamba umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi katikati ya mguu ni sentimita 6. Momenti ya kupinda ni 600 mara 0.06, yaani nyutoni-mita 36. Ikiwa mirija inashikana mahali pawili palipoachana kwa sentimita 15, kila mahali patabanwa kwa kani ya 36 gawanya kwa 0.15, yaani nyutoni 240. Kama mirija ingeteleza katika pete za kawaida zenye kizio cha msuguano cha 0.1, msuguano wa mahali pote pawili ungekuwa nyutoni 48. Kokoto isiyoweza kutoa kani ya zaidi ya nyutoni 48 isingeusogeza uma hata kidogo. Uma wa mguu mmoja uliotengenezwa kwa pete za kawaida tu ungekuwa mgumu kuliko ule wa miguu miwili.

Magogo na sindano

Suluhisho lililochaguliwa ni la kale kuliko baiskeli. Wavuvi wa pwani wakitaka kuipandisha ngalawa mchangani hawaiburuzi. Huweka magogo ya mviringo chini yake, nayo ikabingirika. Msuguano wa kubingirika ni mdogo mno kuliko ule wa kuteleza. Katika uma wa Lefty wa awali mrija wa ndani una nyuso nne bapa, na mrija wa nje vivyo hivyo. Kati ya nyuso hizo zimepangwa kanda nne za sindano za chuma, jumla yake 88, kila ukanda katika kizimba chake. Uma ukisogea, sindano hubingirika juu ya vibapa vyembamba vya chuma. Tukichukua kizio cha 0.005 kwa kubingirika, zile nyutoni 48 za msuguano hushuka hadi nyutoni 2.4. Tena, kwa kuwa mirija ni bapa na si mviringo, haiwezi kuzunguka mmoja ndani ya mwingine, na hivyo usukani huligeuza gurudumu bila kulegalega.

Huo ni ubunifu wa kusifiwa. Lakini magogo yana tabia moja ambayo kila mvuvi anaijua. Ngalawa ikisogea mita mbili, gogo lililo chini yake husogea mita moja tu. Ndivyo zilivyo sindano: mrija ukisogea sentimita 10, kizimba husogea sentimita 5. Mambo yakienda sawasawa, mrija ukirudi kizimba nacho hurudi mahali pake. Lakini mambo hayaendi sawasawa. Uma hupindwa upande huu na upande ule, ukanda mmoja hubeba zaidi ya mwingine, na mara kwa mara sindano huteleza kidogo badala ya kubingirika. Tuchukulie kwamba kwa kila pigo kizimba hupotea njia kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Baada ya mapigo 1000 kitakuwa kimehama milimita 10. Kizimba kilichohama hugota mwisho wa njia yake kabla ya wakati, na mwendo wa uma hupungua. Mpanda baiskeli huona kwamba uma haunyooki wote tena, wala hajui sababu.

Matunzo yake

Hapa ndipo mwenye chombo anapopimwa. Mwenye uma wa namna hii hana budi kuzijua dalili hizo na kuzirekebisha. Hewa ya springi hutolewa kwanza. Kola inayoishika mirija hulegezwa kwa spana yake maalumu. Kisha mirija huvutwa kwa nguvu mara kadhaa hadi vizimba virudi mahali pake. Kazi hiyo haihitaji kiwanda, ila yahitaji maarifa na ile spana. Matoleo ya baadaye yalibuniwa ili kuhama huko kupungue, lakini uma wa awali ungali unawaendesha watu wengi, na wenyewe hawana budi kuyajua haya.

Yako mengine. Sindano na vibapa vyake hukingwa na mfuko wa mpira uliokunjamana kama kinanda cha mkono. Mfuko ukitoboka, vumbi na maji huingia, na kutu hushika penye grisi. Mfuko wa mpira ni kitu kidogo, lakini kuuacha umepasuka kwa msimu mmoja wa mvua kwaweza kuviharibu vibapa ambavyo bei yake ni kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sili zinazozuia hewa na oili nazo huzeeka, hata kama baiskeli haitumiki, oili huchafuka, na tundu dogo la kupumulia lenye chujio huziba kwa vumbi.

Kuhusu gurudumu, uma huu hutoa kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine. Pancha ikitokea, mpira wa ndani waweza kubadilishwa bila kulitoa gurudumu, kwa kuwa upande mmoja uko wazi. Lakini panapokuwa na haja ya kulitoa, lazima kibanio cha breki ya diski kifunguliwe kwanza, kwa sababu gurudumu hutoka kwa kuelekea kando. Kitovu chenyewe ni cha pekee. Gurudumu la baiskeli nyingine haliingii, na gurudumu lake halifai kwenye baiskeli nyingine.

Mtu mwenye uma kama huu atafanya vema kuwa na daftari. Humo ataandika kanieneo ya hewa, siku oili ilipobadilishwa, na urefu wa uma ukiwa umenyooka wote. Akiupima urefu huo kila mwezi kwa rula ya kawaida, ataona kuhama kwa vizimba mapema, kabla hakujawa hasara. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilisemwa kwa wafanya biashara, lakini yawafaa pia wenye mashine.

Hoja za pande mbili

Wako wanaosema kwamba kifaa chochote kisicho cha kawaida ni cha kuepukwa. Hoja yao si ya kupuuzwa. Baiskeli nyeusi ya mizigo iliyozoeleka Afrika Mashariki, iwe ni Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China au Hero ya India, imedumu kwa sababu umbo lake ni karibu moja kila mahali. Gololi, pedali na mnyororo hupatikana katika maduka ya miji midogo, na fundi aliye chini ya mwembe anaifahamu kama kiganja chake. Nguvu ya baiskeli hiyo haiko katika chuma chake peke yake. Iko katika maarifa yaliyotapakaa kwa watu.

Lakini hoja hiyo ikishikiliwa bila kipimo, hakuna kitakachobuniwa. Hata uma wa RockShox ulikuwa kioja siku ulipotoka. Kama kila mtu angekataa kisichojulikana na fundi wa jirani, baiskeli zingebaki na breki zile zilizofuka moshi huko California.

Wako wengine wanaosema kwamba ubora wa kifaa ni sifa zake tu: wepesi, ulaini na uimara, kwamba matengenezo ni shughuli ya muuzaji. Hawa nao wanakosea, tena kosa lao ni kubwa zaidi, kwa kuwa linafanana na busara. Kampuni si mlima usiohama. Mwaka 2003 Cannondale yenyewe iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, ikapata wenye mali wapya. Jina lake liliendelea na uma wake uliendelea, lakini tukio hilo laonyesha jinsi kamba inayomfunga mnunuzi kwa mtengenezaji ilivyo nyembamba. Na hata mtengenezaji akiwa hai, hubadili mawazo yake. Mwaka 2018 ilitolewa Lefty mpya iliyobanwa mahali pamoja tu, yenye kanda tatu za sindano badala ya nne. Vipuri vya ndani vya ule wa kale havifai katika mpya, wala vya mpya katika kale. Mwenye uma wa kale hakufanya kosa lolote. Dunia ya vipuri ilihama tu, kama vizimba vile.

Ukweli uko kati ya pande hizo mbili. Chombo kisicho cha kawaida hakina hatia kwa kuwa kigeni. Kinakuwa mzigo pale tu siri yake inapofungiwa mahali pamoja. Ushahidi upo katika uma huu huu. Katika Marekani na Ulaya wametokea mafundi wa kujitegemea waliojifunza kuufungua, kuutunza na hata kuubadilishia mitambo ya ndani. Kwa kazi yao, uma ambao ungetupwa jalalani bado unateremka milima. Uhai wa chombo uliongezwa na maarifa yaliyotoka kiwandani yakawafikia watu.

Maswali ya mnunuzi

Kwa hiyo anayetaka kununua kifaa cha namna hii, kipya au kilichotumika, yampasa ajiulize maswali matatu. Kwanza, kanuni yake ni ipi, na je, anaweza kuieleza kwa maneno yake mwenyewe? Pili, kinahitaji matunzo gani, kwa muda gani, na kwa zana zipi? Tatu, mtengenezaji akiacha kukiunda, vipuri vitatoka wapi? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo hajanunua chombo. Amekodi tu, wala hajui siku ya kurudisha.

Watengenezaji nao wana wajibu. Wachapishe vitabu vya maelekezo vinavyosomeka. Watumie vipimo vya kawaida kila mahali ambapo vya pekee havina faida ya kweli. Wanapoacha kuunda kipuri, waache michoro yake iwafikie wale watakaotaka kukiunda. Mbunifu anayestahili sifa ni yule anayemfikiria pia mtu atakayeshika spana miaka 20 baadaye.

Jambo hili haliko mbali na shule za Afrika Mashariki. Baiskeli zilizotumika Ulaya na kwingineko hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na baadhi yake zina uma wenye springi, oili na sili. Aghalabu huja bila kitabu. Uma wa miguu miwili ulioharibika sili, ambao fundi amekwisha kuuhukumu kuwa mbovu, ni kifaa bora cha kufundishia. Katika karakana ya shule wanafunzi wanaweza kuufungua chini ya uangalizi wa mwalimu, baada ya kuhakikisha kwamba hewa yote imetolewa. Wataona springi na nishati yake, oili na joto lake, kanieneo na eneo la pistoni. Wanaweza kuviringisha penseli chini ya ubao na kupima kwa rula kwamba ubao husogea mara mbili ya penseli. Wakiisha kuelewa hayo, hata uma wenye mguu mmoja hautawashangaza. Watauliza tu sindano zake ziko wapi.

Ubunifu ukivuka mipaka ya nchi bila maarifa ya kuutunza, huwa ni takataka iliyocheleweshwa. Ukifuatana na maarifa hayo, huwa mali. Vijana wale wa mwaka 1976 walikuwa na baiskeli mbovu kuliko zote za leo, lakini walijua kila gololi iliyokuwa ndani ya kitovu, na jioni baada ya mbio walikaa chini wakakifungua kitovu, wakakijaza grisi upya.